Kurudisha kitu dukani ukiwa ughaibuni: kwanza ujue ni kibovu au hujakipenda tu

Kabla hujabeba kile kitu kurudi nacho dukani jiulize swali moja, kina kasoro au sikitaki tu? Maana kisheria hizo ni kesi mbili tofauti kabisa na watu wengi tunaoishi nje tunazichanganya. Unakuta mtu simu imekufa ndani ya wiki tatu anafika kaunta anaanza kuomba kama anaomba msaada, "samahani, kama inawezekana mnisaidie", wakati sheria yote iko upande wake. Na mwingine anaingia amefura, anadai haki yake kwa viatu ambavyo havina tatizo lolote isipokuwa vinambana, na hapo haki yenyewe haipo, ni hisani ya duka tu.

Tuanze na hiyo ya hujakipenda. Kama ulinunua dukani kwa miguu yako, ukakiona, ukakishika, ukalipa, basi Uingereza, nchi nyingi za Umoja wa Ulaya na hata Marekani hakuna sheria inayomlazimisha muuzaji akipokee kwa sababu umebadili mawazo. Zile siku 28 au 30 zilizoandikwa nyuma ya risiti ni utaratibu wa duka lenyewe, wameuweka ili usiogope kununua kwao, na kwa vile ni wao wameuweka wana ruhusa ya kuuwekea masharti yao, lebo isikatwe, risiti iwepo, boksi liwepo, na wakitaka wanakupa vocha badala ya hela. Kwa hiyo swali la "nikirudisha mnanipa hela au vocha?" linaulizwa kabla hujalipa. Marekani baadhi ya majimbo kama California na New York yanalitaka duka libandike masharti yake ya kurudisha mahali ambapo wateja wanayaona, so angalia ukutani karibu na pa kulipia.

Mtandaoni ndio mambo yanabadilika. Ukiagiza kitu mtandaoni kwa muuzaji aliye Umoja wa Ulaya au Uingereza una siku 14 za kughairi bila kutoa sababu yoyote, na zinahesabiwa kuanzia siku umeupokea mzigo, sio siku uliyolipa. Kama oda moja imekuja kwa vifurushi vitatu siku tofauti basi unahesabu kuanzia kile cha mwisho. Ndani ya hizo 14 unatakiwa umwambie muuzaji waziwazi kwamba unaghairi, halafu una 14 nyingine za kukituma. Hapa watu wanakosea sana, wanafunga tu boksi wanalipeleka posta bila neno, baadaye muuzaji anasema hakupata taarifa yoyote. Tuma imeili mistari miwili, inatosha, na uitunze. Yeye naye ana siku 14 za kukurudishia hela, pamoja na ile nauli ya kawaida uliyolipia mzigo kuja (kama ulilipia ya haraka zaidi ile nyongeza hairudi), ila anaruhusiwa kukaa na hela yako mpaka mzigo umfikie au umwonyeshe uthibitisho kwamba umeutuma. Nauli ya kurudisha mara nyingi ni yako, isipokuwa amesema atalipa yeye, au hakukuambia mapema kwamba utalipa wewe. Na kama muuzaji hakukueleza kabisa kwamba una haki hii ya kughairi, muda unarefuka mpaka miezi 12 zaidi, kitu ambacho vile viduka vidogo vya mtandaoni huwa havikijui au vinajifanya havikijui.

Ndani ya hizo siku 14 ruhusa uliyonayo ni ya kukijaribu kama ambavyo ungekijaribu dukani. Koti unalivaa, unajitazama kwenye kioo, unainua mikono uone kama linabana kwapani, basi. Ukilivaa kwenye harusi likarudi linanukia manukato bado unaweza kulirudisha ila muuzaji anaruhusiwa kukukata kwa thamani iliyopungua. Kuna kesi moja naipenda, Mjerumani alinunua godoro mtandaoni, akalitoa kwenye nailoni yake, akaona hapana, duka likagoma likisema ni suala la usafi. Ikafika mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2019 ikaamua kwamba godoro ni kama nguo tu, linaweza kusafishwa likauzwa tena, kwa hiyo linarudi. Visivyorudi ni vile vilivyotengenezwa kwa vipimo vyako au kuandikwa jina lako, vyakula vinavyoharibika haraka, vitu vya usafi wa mwili ukishavunja lakiri yake, programu au diski ukishaifungua, na tiketi za tamasha au hoteli za tarehe maalum.

Wa Marekani msidanganyike na ile "sheria ya siku tatu" inayozungushwa kwenye magrupu, eti unaweza kughairi ununuzi wowote ndani ya siku tatu. Ipo kweli, ni ya FTC, ile tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani, lakini ni ya wale wauzaji wanaokufuata nyumbani au wanaouzia kwenye ukumbi wa muda, haigusi oda za mtandaoni wala duka la kawaida.

Sasa kitu kibovu. Hapa badilisha sauti kabisa.

Jambo la kwanza, anayewajibika ni aliyekuuzia. Utaambiwa pale kaunta "hilo ni suala la kampuni iliyotengeneza, wapigie wao", na kijana anakuandikia namba ya simu kwenye karatasi kwa ukarimu mwingi, ukitoka nje ya mlango ameshakumaliza. Uingereza, Umoja wa Ulaya, Australia, mkataba wako ni na duka, hela yako ilienda kwa duka, na duka ndilo linalotakiwa kuhangaika na kiwanda. Waranti ya kiwanda ni kitu cha nyongeza juu ya haki yako ya kisheria, haichukui nafasi yake. Kwa hiyo waranti ya mwaka mmoja ikiisha usiondoke ukidhani mambo yameisha. Ndio maana pia ile waranti ya kulipia wanayokusukumia pale pa kulipia ifikirie mara mbili, mara nyingi unanunua kitu ambacho sehemu yake tayari ni chako.

Uingereza kuna sheria ya haki za watumiaji, Consumer Rights Act ya 2015. Ndani ya siku 30 za kwanza kitu kibovu unakikataa na unarudishiwa hela yote, sio vocha, sio "tukutengenezee kwanza". Siku 30 zikipita unampa muuzaji nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, ikishindikana unadai hela au upunguziwe bei. Kwa madai haya ya kutengenezewa, kubadilishiwa na yanayofuata, kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita ya kwanza inachukuliwa kwamba ilikuwepo tangu mwanzo, yeye ndiye wa kuthibitisha kwamba umeiharibu wewe. Baada ya hapo wewe ndiye wa kuthibitisha, na unaweza kuhitaji fundi akuandikie ripoti.

Umoja wa Ulaya ni angalau miaka miwili tangu upokee kitu, na kwa angalau mwaka wa kwanza muuzaji ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Unaanza na kutengenezewa au kubadilishiwa, bure, bila kulipa hata usafiri, na wao wakishindwa, wakikataa au wakikuzungusha ndio unaingia kwenye kudai hela. Nchi nyingine zimeongeza juu yake, Sweden ni miaka mitatu, na Norway ambayo haimo kwenye Umoja ni miwili ila kwa vitu vinavyotegemewa kudumu zaidi ni mitano. Huko Sweden na Norway usikae na kasoro kimya, ukitoa taarifa ndani ya miezi miwili tangu uigundue uko salama. Australia kama tatizo ni kubwa mteja ndiye anayechagua, hela au kitu kipya, na kile kibao cha "hakuna kurudishiwa hela" ukikiona dukani kule, kibao chenyewe ndio kimevunja sheria. Marekani ni pagumu zaidi, kuna kanuni ya jumla kwamba kitu kifanye kazi iliyokusudiwa, lakini majimbo mengi yanamruhusu muuzaji kuikwepa kwa kuandika kwamba anauza kilivyo, kwa hiyo soma karatasi.

Visingizio vya kaunta vinajirudia dunia nzima. "Huna boksi", kwa kitu kibovu boksi halihusiani. "Huna risiti", wanachohitaji ni uthibitisho kwamba ulinunua kwao, na taarifa ya benki au imeili ya oda inatosha. "Kilikuwa kwenye ofa", ofa imeshusha bei, haijashusha haki yako, isipokuwa walikuonyesha kasoro yenyewe kabla na ukakubali. Mtumba kutoka kwenye duka bado una haki zake ingawa nchi kama Ujerumani zinaruhusu muda ufupishwe mpaka mwaka mmoja, lakini ukinunua kwa mtu binafsi kwenye yale masoko ya mtandaoni hapo umejitegemea karibu kabisa, kilichobaki ni kwamba kitu kifanane na alivyokieleza, so skrinshoti ya tangazo lake ichukue kabla hajalifuta.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kikianza kusumbua acha kukitumia, chukua video fupi ikionyesha tatizo na ile namba ya bidhaa iliyobandikwa chini yake. Halafu andika. Hata kama utaenda dukani, andika kwanza, hasa kama lugha ya nchi bado inakupa shida, maana kwenye imeili huna foleni nyuma yako inayokutazama na unaweza kutafsiri taratibu. Kwa mtu wa Uingereza ingekuwa kitu kama hiki, uiweke kwa lugha yao:

"Tarehe 3 Machi nilinunua kwenu blenda, namba ya oda ni hii hapa. Tarehe 20 Machi iliacha kuwaka, nimeijaribu kwenye soketi mbili tofauti. Nimeambatanisha video na uthibitisho wa malipo. Bado niko ndani ya siku 30 kwa hiyo naikataa kwa mujibu wa Consumer Rights Act 2015 na nataka nirudishiwe hela yote. Naomba mnijibu kabla ya tarehe 4 Aprili."

Angalia haina matusi, haina hadithi ya jinsi ulivyoumia, na haina "naomba mnifikirie". Tatizo, tarehe, unachotaka, mwisho wa kujibu. Wakikupigia simu wasikilize, halafu uwaandikie "kama tulivyoongea leo mmesema hivi na hivi".

Wakikaa kimya au wakikuzungusha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kadi uliyolipia. Uingereza ukilipa kwa kadi ya krediti, kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka pauni 30,000, ile kampuni ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji, hata kama ulilipa sehemu tu ya bei kwa hiyo kadi, na hii imo kwenye sheria ya Consumer Credit Act ya 1974, kifungu cha 75. Marekani kama kitu hakijafika au umeletewa sicho ulichoagiza, unaiandikia kampuni ya kadi ya krediti ndani ya siku 60 tangu wakutumie ile taarifa ya mwezi yenye hayo malipo. Kwingine uliza benki yako kuhusu kurudisha malipo ya kadi, na uulize mapema kwa sababu yana ukomo wa siku. Ukilipa kwa kuhamisha hela moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu, hii njia haipo, ndio maana muuzaji anayeng'ang'ania umtumie hela hivyo tu mimi simnunulii.

Ya pili ni mashirika ya watumiaji. Uingereza nenda Citizens Advice, Ujerumani Verbraucherzentrale (huwa wanatoza ada kidogo kwa ushauri), Sweden kuna ARN, bodi ya malalamiko ya wateja, ambayo inasikiliza shauri lako. Kama unaishi nchi moja ya Umoja wa Ulaya na muuzaji yuko nyingine, kuna mtandao unaitwa ECC-Net, una ofisi kila nchi ya Umoja pamoja na Norway na Iceland, unawaandikia wa nchi unayoishi, wao wanaongea na wenzao upande wa pili, bure. Na kwa wanaoogopa, hizi haki hazitazami pasi ya kusafiria, ni za mteja yeyote aliyenunua pale, kulalamika kuhusu blenda hakuna uhusiano wowote na viza yako.

La mwisho ni kwa wanaokusanya mizigo ya kutuma nyumbani au wanaojiandaa kuhama nchi. Fungua kila boksi uwashe kila kitu kabla hakijaingia kwenye kontena, jiko, tivii, mashine ya kufulia, hata kama unatamani zifike na nailoni zake. Kikifika ng'ambo kibovu haki bado unayo kwenye karatasi, lakini siku zako 30 zimeliwa na bahari, waranti nyingi za kiwanda zinabana kwenye nchi au eneo kilipouzwa, na kumshawishi muuzaji kwamba hakikugongwa njiani ni kazi. Kabla hujaondoka jitumie pia kwa imeili picha za risiti zote, maana wino wa zile karatasi za mashine unafutika, na akaunti ya benki ya huko usiifunge mpaka hela zote unazodai zimeingia.