Namna ya kumwandika mzee wako aliyepigana Vita vya Kagera

Katika vita ile ya 1978–79 dhidi ya Idi Amin wa Uganda, baba mkubwa wangu wa Hombolo alikuwa kwenye mizinga ya roketi, ile BM-21 ambayo Waganda waliibatiza Saba Saba. Ukimwuliza, "Shikamoo baba mkubwa, hivi vita ilikuwaje?" anaitikia marahaba, anasema, "Ilikuwa vita," kisha anakuuliza bei ya zabibu mjini. Usimlaumu. Swali lenyewe halishikiki.

Muulize kazi yake. Lori la BM-21 lina mitutu 40, na roketi moja ina uzito wa kilo 66 hivi, kwa hiyo hakuna aliyeipakia peke yake. Nilipomwuliza nani alikuwa anashika upande wa pili, aliinuka kwenye kigoda, akaweka mikono usawa wa kiuno, akanionyesha: huyu anashika mbele, huyu nyuma, mnainua kwa pamoja, mnaingiza taratibu. Majina yakaanza kutoka. Dereva, mtu wa Kondoa. Mpakiaji mwenzake, Mnyaturu mmoja mpiga mluzi. Jina la tatu lilimpotea, akamwita mama mkubwa jikoni, naye akalitaja bila hata kuacha kupepeta mtama.

Ndiyo maana nasema mama akae karibu. Ana mambo yake pia. Muulize alikuwa wapi tarehe 2 Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza redioni, akimsema Amin, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo. Muulize nani alilima shamba mwaka ule. Hayo yaandike kwa uzito uleule.

Nenda baada ya mavuno, asubuhi, mzee akiwa amekunywa chai. Omba ruhusa ya kurekodi, weka simu kwenye hali ya ndege isiite, iweke kando. Swali la aliua wangapi liache kabisa, na akisema "hayo ni ya jeshi," geuza mazungumzo.

Sasa tarehe. Mimi ni karani wa masjala, jalada lisilo na tarehe linaniwasha mwili, lakini mzee usimbane kwa tarehe. Mbane kwa mahali. Alipita Kyaka daraja likiwa limeshavunjwa? Alikuwepo Mutukula? Masaka? Tarehe zenyewe utazipachika wewe: Masaka na Mbarara ziliangukia mikononi mwa jeshi letu Februari 1979, mapigano ya Lukaya yakawa Machi, Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili, na mapema Juni wanajeshi wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Angalia sana anapotaja mvua. Sisi Dodoma tuna msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi, kwa hiyo Mgogo akisikia "mvua zilikuwa zimeanza" anaandika Desemba. Kagera wana vuli na masika, na Novemba kule matope yanakuwa tayari magotini.

Gawa daftari mara mbili: aliyoyaona na aliyoyasikia. Baba mkubwa husimulia kwa raha zote habari za ndege ya mabomu ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, Tu-22, iliyotumwa kupiga Mwanza mwishoni mwa Machi 1979, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Tukio ni la kweli. Ila yeye wakati huo alikuwa ng'ambo, Uganda, kwa hiyo kwangu limekaa upande wa aliyoyasikia. Alinuna kidogo. Nikamwambia ni utaratibu wa masjala, akacheka.

Vyeti, picha na kitambulisho cha jeshi vipige picha mbele na nyuma, kwenye mwanga wa mlangoni. Nyuma ya picha ndiko kwenye jina la studio na wino wa kalamu. Usivipeleke kupigwa laminesheni, maana karatasi ikishaungana na plastiki hairudi. Bahasha ya kaki inatosha, iwekwe mbali na mchwa. Sauti mrushie binamu yako nakala, na jina la faili liwe tarehe, mtu na mahali, si "rekodi mpya 7".

Kama kuna mwenzao ambaye hakurudi, andika jina lake kamili na kijiji chake. Makaburi ya mashujaa wa vita vile yapo Kaboya, wilayani Muleba, na familia nyingi za huku kwetu hazijawahi kufika.

Ukimaliza kuandika, msomee mzee kwa sauti, polepole, kalamu mkononi. Wangu alinisimamisha mara mbili tu: lori lao halikukwama Masaka, lilikwama kabla ya kufika; na neno "shujaa" nililoliweka kwenye ukurasa wa kwanza akasema nilifute, niandike "mpakiaji". Nimefuta. Nakala ya pili ni ya watoto wa yule dereva wa Kondoa, na namba yao ya simu naendelea kuitafuta.