Kuunganisha mabomba ya maji na gesi kwenye erthi ya nyumba

Juzi nilimsaidia jirani ambaye bomba la bafuni kwake lilikuwa linawapiga shoti wanaooga. Fundi aliyetangulia alichimbia erthi rodi ya pili, na shoti ikaendelea vilevile. Wengi wanaamini rodi ndiyo kila kitu, kwa hiyo nianze na hesabu. Hita ya maji ikiharibika na kupeleka volti 230 kwenye bomba, rodi yenye ukinzani wa omu 20 itapitisha ampea 11.5 tu. Breka ya ampea 20 haishtuki, na bomba linabaki na umeme likimngoja wa kuligusa. Kinachookoa ni vitu viwili vikiwa pamoja: RCD ya miliampea 30 (kifaa kinachokata umeme haraka ukivuja), na waya unaofunga kila bomba la chuma linalogusa ardhi kwenye tarminali kuu ya erthi (pale nyaya za erthi za nyumba zinapokutana), ili asiwepo mtu anayeshika bomba huku na hita kule vikiwa na volti tofauti. Hapa nashughulika na huo waya.

Kazi ya ndani ya bodi ya breka ni ya fundi mwenye leseni, kwa Tanzania ile ya EWURA. Mwenye nyumba asome ili ajue cha kudai.

Hatua ya 1: Zima meni switchi, tafuta hitilafu

Bomba linalopiga shoti leo lina chanzo, mara nyingi koili ya hita iliyopasuka au waya wa pampu uliochubuka. Kirekebishe kwanza. Na usilegeze waya wowote wa erthi wakati umeme umewaka. Huenda mkondo unapita humo, na ukiuachanisha wewe ndiye unakuwa njia yake.

Hatua ya 2: Jua bomba lipi linahitaji kufungwa

Hapa ndipo saa zinapotea, tulia.

Siku hizi maji yanaingia nyumbani kwa bomba la plastiki, halafu ndani unakuta PPR (nayo ni plastiki) imeungwa na vipande vya zamani vya GI, yaani bomba la chuma lililopakwa zinki. Bomba la plastiki halifungwi. Kipande kifupi cha chuma kilichotoka kwenye plastiki na kuishia kwenye koki nacho kwa kawaida hakihitaji. Kinachohitaji ni bomba linaloweza kuleta volti ya ardhini ndani ya nyumba, yaani GI iliyopita udongoni au kwenye zege lenye unyevu. Kwa macho huwezi kulijua, lazima upime.

Tumia mega (kipimo cha ukinzani mkubwa) ya volti 500. Multimita haikufai hapa, maana volti yake ni ndogo mno. Pima kati ya bomba na tarminali kuu ya erthi. Ukipata zaidi ya kiloomu 22, bomba halina mguso wa maana na ardhi, liache. Chini ya hapo, lifunge. Kiwango hicho kinatokana na volti 230 kugawanywa kwa miliampea 10, ukitoa omu 1,000 za mwili wa mtu.

Sasa tahadhari zake. Chomoa hita kabisa, pamoja na waya wake wa erthi. Hita yenyewe imeshaunganisha bomba na erthi, kwa hiyo ukiiacha utasoma omu chache na kudhani bomba limegusa ardhi, kumbe unapima waya wa hita. Pampu nayo ni hivyohivyo. Volti 500 pia zinaweza kuua saketi ya hita zile za kisasa. Kama kuna waya wa zamani uliofungwa bombani, ufungue kwanza. Na ukipima wakati wa kiangazi, ukapata kiloomu 30, usifurahi haraka: zege likilowa kipimo kinashuka. Mimi kipimo kikikaribia kiwango, nafunga.

Hatua ya 3: Waya na klampu

Waya wa shaba wa milimita 10 za mraba, kijani na njano, kipande kimoja bila kiungo kutoka tarminali kuu hadi bombani. Mabaki ya 2.5 tafadhali yaache. Funga karibu na pale bomba linapoingia nyumbani, upande wa ndani wa mita ya maji na koki kuu, kabla ya tawi la kwanza.

Klampu iwe ile maalumu ya erthi, ya shaba au shaba nyeupe, yenye nati ya kukaza na kibao cha onyo. Waya uliozungushiwa bomba na kufunikwa tepu siukubali hata kidogo. Kabla ya klampu, sugua bomba kwa msasa mpaka chuma king'ae, maana rangi na kutu ndivyo vinavyoharibu kiungo. Bomba likiwa na kipande cha plastiki katikati, upande wa pili nao upime upya kama hatua ya 2.

Hatua ya 4: Gesi

Mtungi unaokaa kando ya jiko kwa mpira hauna cha kufunga. Hatua hii ni ya bomba gumu la shaba au chuma linalotoka kwenye mitungi ya nje, au la gesi asilia iliyofika kwenye baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Mtwara na Lindi.

Funga gesi, fungua madirisha, pima uvujaji kwa povu la sabuni kabla ya kugusa spana. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutulia chini. Klampu iwekwe kwenye bomba gumu pekee, si kwenye regyuleta wala mpira. Bomba la gesi lisitumike kamwe kama erthi badala ya rodi.

Hatua ya 5: Pima ulichofunga

Mlio wa multimita haukuhakikishii kitu. Nyingi hulia hata kwenye omu 30. Tumia kipimo cha omu ndogo, ondoa kwanza ukinzani wa waya zake. Kutoka bombani hadi kwenye waya, kupitia klampu, usome omu 0.05 au chini. Mita 10 za waya huu zina kama omu 0.018, kwa hiyo ukiona 0.4, rudi kwenye msasa. Rudisha umeme, bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD. Isipokata, badilisha RCD siku hiyohiyo.

Fundi bomba akibadilisha kipande chochote, rudia hatua ya 2 na ya 5.