Wiki Moja Milimani Shenandoah: Mwongozo kwa Wanadiaspora Walio Marekani

Appalachian Trail ni njia ya miguu yenye urefu wa takriban kilomita 3,500, kutoka Georgia hadi Maine, ikipita katika majimbo 14. Wengi huitembea kipande kwa kipande. Kwa mwenye likizo ya wiki moja, kipande kilicho ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah, Virginia, kinafaa sana kuanzia, kwa kuwa barabara ya Skyline Drive huandamana nacho na kukikatiza mara nyingi, hivyo anayeumia goti siku ya tatu hayuko mbali na msaada. Ukaribu huo usikufanye uuchukulie mlima kwa wepesi, kwani mtandao wa simu hupotea mara kwa mara.

Usijitwishe hifadhi nzima. Kutoka Thornton Gap kuelekea kusini hadi Rockfish Gap ni takriban kilomita 125, yaani wastani wa kilomita 18 kwa siku. Uliza mapema ni wapi panaporuhusiwa kulaza gari upande wa Rockfish Gap, uliache huko, kisha ukodi dereva akufikishe mwanzoni. Anayetembea kulifuata gari lake mwenyewe hana haja ya kukimbizana na miadi ya mtu. Kibali cha kulala porini huombwa kupitia tovuti ya Recreation.gov, na kiingilio cha hifadhi hulipwa kando. Asiye raia, aliyetimiza miaka 18, anatakiwa kisheria kuwa na hati yake ya uhamiaji wakati wote. Itie katika mfuko usiopitisha maji.

Chakula cha siku saba usikibebe chote kwa mkupuo. Katika msimu, Big Meadows na Loft Mountain huwa na maduka, ila ukishaipita Loft Mountain hakuna pa kununua kitu hadi mwisho wa hifadhi. Mtungi wa gesi ya jiko hauruhusiwi ndani ya ndege, kwa hiyo anayesafiri kwa ndege aununue akishafika.

Maji ndiyo yanayohitaji hesabu ya makini zaidi. Njia hufuata mgongo wa mlima, ilhali chemchemi nyingi ziko chini yake, na mwishoni mwa kiangazi baadhi hukauka. Kila lita ni kilo moja mgongoni. Hata hivyo, ni afadhali kubeba lita ya ziada kuliko kuitegemea chemchemi ambayo hujaipatia habari za karibuni. Maji yote yachujwe au yachemshwe, hata yakionekana meupe kama kioo.

Njia kuu huonyeshwa kwa mistari myeupe iliyopakwa rangi kwenye miti, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 15. Miwili ikiwa mmoja juu ya mwingine, kuna kona mbele. Kwenye njia panda husimama nguzo fupi za zege zilizovishwa mkanda wa chuma wenye majina na umbali. Zisome, hata kama unadhani unajua uendako.

Dubu weusi ni wengi, na wanachokifuata ni harufu. Chakula, sabuni na dawa ya meno vitundikwe kwenye nguzo maalumu zilizo karibu na vibanda vya kulala. Mahali pasipo na nguzo, vining'inizwe angalau mita 3 kutoka ardhini na zaidi ya mita moja kutoka kwenye shina, au vitiwe ndani ya kopo gumu lililoidhinishwa.

Binafsi naogopa kupe kuliko dubu, maana kupe wa huko hueneza ugonjwa wa Lyme. Kila jioni jikague nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kwenye nywele. Ukimkuta, mbane kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu na moja kwa moja. Ukipata homa au ukiona wekundu unaotanuka kwenye ngozi katika wiki zinazofuata, mweleze daktari kwamba ulikuwa ukilala katika misitu ya Virginia.