Namna ya kurusha ndege ambayo hujaipanda: kwa rubani wa kivita anayehamishiwa kiti cha ardhini

Kwa Kiswahili tumezoea kuiita ndege isiyo na rubani. Nilirusha ndege za kivita kwa miaka tisa kabla sijahamishiwa kituo cha ardhini, na jina hilo liliniuma siku ile ile niliyopewa barua. Kama ndege haina rubani, mimi nilikuwa naenda kufanya nini? Marubani wengi wa jeshi hulikataa jina hilo, hata neno droni hawalipendi. Husema ndege inayorushwa kutoka mbali. Rubani yupo, ila yeye na ndege yake hawako mahali pamoja. Kama na wewe umepewa barua kama yangu, haya ndiyo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Anza na mwili. Kwenye ndege ya kivita makalio yako ndiyo kipimo cha kwanza. Kabla jicho halijafika kwenye saa za vipimo, mwili umeshajua kwamba bawa limeinama, injini imebadili mlio, au kuna waya unaoungua mahali. Kwenye kiti cha ardhini kuna mlio mmoja tu, wa kiyoyozi na feni za kompyuta, na haubadiliki hata ndege ikiwa inaanguka. Wiki yangu ya kwanza picha ilianza kurukaruka kwenye skrini, nikamwambia mwendesha kamera aliyekaa kulia kwangu aiangalie kamera yake. Kijana koplo, umri wake nusu ya wangu. Akanijibu taratibu, "Afande, kamera ni nzima. Ndege ndiyo inatikisika." Tulikuwa tumeingia kwenye hewa mbaya, na mimi nilikuwa nimekaa starehe kama niko sebuleni.

Dawa ya hilo ni mdomo. Kila baada ya dakika tano soma kwa sauti kimo, mwendo, mafuta, joto la injini na joto la nje. Usiishie kuzitazama namba hizo. Zitamke, na mwenzako aitikie. Joto la nje lipe uzito wa pekee, kwa sababu mabawa marefu na membamba ya ndege hizi hayapatani kabisa na barafu, na wewe hutasikia chochote ikianza kuganda. Utaona mwendo ukipungua kidogo kidogo ilhali nguvu ya injini ni ile ile. Ukiona hivyo, toka kwenye wingu hilo kwanza, maswali baadaye.

Halafu kuna mkono. Amri yako inapanda hadi setilaiti na kushuka, picha nayo inarudi kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo kati ya kusukuma wenzo na kuona bawa likiinama inapita sekunde moja hivi, mara nyingine zaidi. Hapa rubani mzoefu huumia kuliko mwanafunzi. Mkono wake umezoea kujibiwa papo hapo. Asipoona kitu anaongeza, na majibu ya amri zote mbili yanamfikia kwa mpigo. Anarudisha upande wa pili, ndege inazidi kuyumba. Sukuma kidogo, tulia, hesabu moja, mbili, ndipo utazame. Ucheleweshaji huo ndio uliofanya MQ-9 Reaper, droni ya kivita ya Marekani, kwa miaka mingi iinuliwe na kushushwa na kikosi kilicho karibu na uwanja, kwa redio ya moja kwa moja, kisha ikabidhiwe kwa wafanyakazi walio bara jingine.

Sasa jambo ninalolisisitiza kwa kila mgeni mpaka anichoke: usihamishe udhibiti kutoka dawati moja kwenda jingine kabla hujagusa kila wenzo kwa mkono wako na kusoma orodha ya ukaguzi. Tarehe 25 Aprili 2006, karibu na Nogales, Arizona, ndege aina ya Predator B ya walinzi wa mpaka wa Marekani ilikuwa angani usiku. Dawati la rubani likaganda. Akahamishia udhibiti kwenye dawati la jirani, lile la mwendesha kamera. Kumbe wenzo ule ule ambao kwa rubani unasimamia injini, kwa mwendesha kamera ulikuwa unatumika kurekebisha kamera, na pale ulipokuwa umeachwa, kwa rubani maana yake ni kukata mafuta. Udhibiti ulipohama, injini ikazimika. Hakuna aliyesikia ukimya huo. Waliona kimo kinashuka bila kujua sababu, rubani akazima mitambo ya ardhini ili ndege ifuate njia yake ya dharura, lakini ndege isiyo na injini haina njia ya kufuata. Ilianguka, bahati njema hakuna aliyeumia chini. Wachunguzi walikuta kwamba orodha ya ukaguzi haikufuatwa. Ndani ya ndege halisi, injini ikizimika mgongo wako ungejua hapo hapo.

Njia ya dharura nayo usiirithi tu. Mawasiliano yakikatika, ndege hufuata njia iliyopangiwa kabla, na njia hiyo ilipangwa na mtu aliyekuwa anatazama mahali pengine saa sita zilizopita. Kila mnapohama eneo ipange upya, uangalie milima na anga ya wenzako.

Nikuambie pia kuhusu kutazama. Wenzangu waliobaki kwenye ndege za kivita walikuwa wakiniambia kwamba nimekwenda kucheza gemu. Mimi nimedondosha mabomu nikiwa juu ya kiti kinachotetemeka, na dakika chache baadaye nilikuwa mbali, sikuona uso wala kivuli. Kwenye kiti cha ardhini nimemfuatilia mtu mmoja siku kumi na moja. Uso wake haukuonekana vizuri, lakini nilimjua kwa anavyochechemea mguu wa kushoto, na nilijua kwamba kila jioni mtoto humkimbilia getini. Anayesema umbali unaurahisisha moyo hajakaa zamu hizo.

Kwa hiyo jiwekee desturi mbili. Ya kwanza: kamera inaona kama mtu anayechungulia kwenye mrija, na mnapomkazia macho mtu mmoja mnapoteza kila kilicho pembeni. Mwambie mwendesha kamera afungue picha kila baada ya muda, hasa pale ambapo nyote hamtaki kufungua. Ya pili: kabla ya kurusha kombora, kubalianeni ni wapi mtalipeleka ikiwa mtu asiyehusika ataingia. Kombora la Hellfire, linalofuata leza, linaweza kuwa angani kama nusu dakika, na anayeishika leza ni yule kijana wa kulia kwako. Akishajua mapema kwamba ni ule uwanja mtupu upande wa mashariki, atalipeleka huko bila kuuliza. Msipopanga, mtaanza kujadiliana wakati kombora limeshatoka. Na mkisharusha hamwondoki. Mtabaki kutazama ni nani anakuja kuokota. Mwambie kijana hivyo kabla, asije akakutana nalo peke yake.

Kuhusu nishani sitasema mengi. Mwezi Februari 2013 Leon Panetta, waziri wa ulinzi wa Marekani, alitangaza nishani mpya kwa watu wa kazi hii, na kufikia Aprili Chuck Hagel aliyemrithi alikuwa ameifuta, baada ya askari wa zamani kulalamika kwamba imewekwa juu ya nishani za waliomwaga damu. Nawaelewa. Ila mwaka huo huo wataalamu wa afya wa jeshi la Marekani walilinganisha rekodi za marubani wa droni na za marubani wa ndege za kawaida, wakakuta matatizo ya afya ya akili yanawapata kwa viwango vinavyokaribiana. Ukianza kukosa usingizi, nenda kwa daktari wa kikosi. Usingoje ruhusa ya mtu anayekuambia hukuwa vitani.

Barabara ya kurudi nyumbani ihesabu kuwa sehemu ya safari. Wengi wa wanaofanya kazi Creech, kambi ya droni ya jeshi la anga la Marekani jangwani Nevada, huendesha gari karibu saa nzima hadi Las Vegas, na saa hiyo ndiyo pekee inayotenganisha kombora na meza ya chakula. Mimi nilikuwa nasimama kando ya barabara, nazima injini na redio, naketi mpaka nisikie pumzi zangu. Mke wangu nilimwomba jambo moja tu, asiniulize kitu mpaka nivue viatu.

Zamu ikiisha, usimwachie mwenzako kiti kwa maneno ya juu juu. Mwambie mafuta, barafu, njia ya dharura, na kwamba mtoto amelala chumba cha kaskazini. Kisha subiri aguse wenzo mmoja mmoja kwa mkono wake mwenyewe, ndipo usimame.