Sinia ni moja: kuwapimia watumiaji kumbukumbu kwenye PostgreSQL

Mwisho wa mwezi mmoja nilipigiwa simu na ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini: makarani wote wametupwa nje ya mfumo kwa mpigo. Kwenye logi chanzo kilikuwa wazi. Ripoti moja ilimaliza RAM, Linux ikaiua, na mchakato mmoja wa PostgreSQL (mfumo wao wa databesi) ukiuawa hivyo, miunganisho yote hukatwa ili databesi ijiwashe upya.

Meneja akataka nimpunguzie mtumiaji wa ripoti `shared_buffers`, kumbukumbu ya pamoja ya databesi. Haiwezekani, bwana. Hilo ni sinia moja la wali, kila mtu anatia mkono. Humchorei mtu mstari ndani yake. Unapima sinia lenyewe, kisha unaamua wangapi wakae (viti, yaani miunganisho) na kikombe cha kila mmoja (`work_mem`, kumbukumbu ya kazi) kiwe kikubwa kiasi gani.

Hatua ya 1: Tazama kilichopo. Ingia kwa `sudo -u postgres psql`, kisha:

`SHOW shared_buffers;`
`SHOW work_mem;`

Usipogusa kitu utaona 128MB na 4MB.

Hatua ya 2: Pima sinia. Seva yao ina gigabaiti 16 na haina kazi nyingine. Robo yatosha kuanzia. Inayobaki Linux huitumia kuhifadhi mafaili.

`ALTER SYSTEM SET shared_buffers = '4GB';`

Halafu `sudo systemctl restart postgresql`, ofisi ikishafungwa. Miongozo ya zamani itakwambia ubadilishe SHMMAX (kikomo cha Linux cha kumbukumbu ya pamoja) kwanza. Tangu toleo la 9.3 huna haja.

Hatua ya 3: Vikombe na viti. Hapa ndipo watu huumia. `work_mem` si ya mtumiaji, wala si ya swali zima: kila upangaji (sort) ndani ya swali huchukua kiasi hicho. Ukiweka 64MB kwa wote, watu 40, kila swali na upangaji mara tatu, hiyo ni 7680MB. Jedwali za hashi, ambazo databesi huzijenga kwa muda ili kuunganisha data, hupewa hata zaidi: mara mbili, kuanzia toleo la 15.

`ALTER ROLE karani SET work_mem = '4MB';`
`ALTER ROLE ripoti SET work_mem = '64MB';`
`ALTER ROLE ripoti CONNECTION LIMIT 3;`
`ALTER ROLE ripoti SET temp_file_limit = '5GB';`

`work_mem` hapo si ukuta. Mjanja anaweza kuandika `SET work_mem = '2GB'` na akapata. `temp_file_limit`, kikomo cha mafaili ya muda kwenye diski, hawezi kuigusa bila mamlaka ya juu, na idadi ya viti pia inashika, ila kwa msimamizi mkuu. Tena, ukiweka `SET` kwenye kundi, wanachama hawairithi; nilipoteza asubuhi nzima kwa hilo. Iandike kwa jina lile lile mtu analoingilia.

Hatua ya 4: Hakiki. Toka, uingie upya, maana miunganisho iliyokwisha kufunguka hubaki na vipimo vya zamani. `\drds` itakuonyesha nani ana nini. Kisha endesha ripoti yenyewe kwa `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)`. Mimi nilipata:

`Sort Method: external merge  Disk: 81240kB`

Yaani kikombe kimefurika, kazi imemwagikia diski. Data hiyo ikiwa kwenye RAM huchukua nafasi zaidi, kwa hiyo 96MB isingetosha. Nikaipa ripoti 200MB, kwa kuwa viti vyake ni vitatu tu. Ya makarani sikuigusa.