Jinsi ya kuomba ruzuku ya utafiti wa amani na maendeleo ukiwa Dodoma

Andiko la kuombea ruzuku ya utafiti wa amani likikataliwa, waombaji wengi hulaumu Kiingereza chao. Mara nyingi tatizo liko kwingine: wameandika mradi, hawajaandika utafiti. Mhakiki akikuta sentensi kama "utafiti huu utamaliza migogoro ya wakulima na wafugaji", anajua papo hapo kwamba mwandishi amezoea kuandikia mashirika ya misaada. Mfadhili wa kitaaluma analipia swali ambalo jibu lake bado halijulikani. Mwongozo huu ni kwa mhadhiri au mwanafunzi wa uzamivu wa UDOM, St John's, Chuo cha Mipango au chuo kingine cha kanda ya kati, anayeomba ruzuku ndogo, tuseme isiyozidi dola 15,000.

Hatua ya 1: Swali kwanza, mfadhili baadaye

Chukua mpaka wa wilaya za Kongwa na Kiteto. "Vyanzo vya migogoro ya ardhi" si swali, na limeshaandikwa mno. Swali ni hili: vijiji viwili vinapakana, vyote vina mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria Na. 6 ya 2007. Kwa nini mashauri ya kimoja yanaishia kwenye baraza la ardhi la kijiji na ya kingine yanafika polisi? Swali la namna hiyo lenyewe linakuonyesha pa kwenda, wa kumuuliza, na kipi ukilinganishe na kipi. Kama huwezi kuliandika kwa sentensi mbili, bado halijaiva.

Kwenye mapitio ya maandiko, yaani yale waliyokwisha kuandika wengine, usiruke historia ya mahali. Andiko la Kondoa lisilotaja HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1973 na kufikia kuondoa mifugo kwenye maeneo yaliyomomonyoka mwaka 1979, linamwonyesha mhakiki kwamba mwandishi ameanzia pale intaneti inapoanzia.

Hatua ya 2: Mjue mfadhili anataka nini hasa

APN ni mtandao wa ujenzi wa amani ulioanzishwa 2012 chini ya SSRC, baraza la utafiti wa sayansi za jamii lenye makao New York. Ruzuku zake kwa mtafiti mmoja mmoja zimekuwa zikifikia dola 15,000, na walengwa ni Waafrika walioko Afrika. SSRC hiyohiyo ina programu nyingine ya wanaosoma uzamivu, na Tanzania imo kati ya nchi zake. Usizichanganye: ya pili inamtazama mwanafunzi na tasnifu yake, si mada ya amani peke yake.

Harry Frank Guggenheim Foundation, nayo ya New York, inataka kitu kimoja tu: vurugu, sababu zake na namna ya kuzidhibiti. Ukiwapelekea andiko la kilimo cha alizeti ulilolibandika neno "amani" kwenye kichwa, jibu unalijua. CODESRIA ya Dakar, iliyoanzishwa 1973, na OSSREA ya Addis Ababa, ya 1980, zote asasi za Kiafrika za utafiti wa sayansi za jamii, zinapenda mjadala wa nadharia unaotoka Afrika yenyewe. Huko mapitio dhaifu yanakuangusha kuliko bajeti dhaifu. IDRC, shirika la Kanada la kufadhili utafiti wa maendeleo, kwa kawaida hufanya kazi na taasisi, kwa hiyo pitia kurugenzi ya utafiti ya chuo chako kabla ya kuandika chochote. Kituo cha amani cha Rotary pale Makerere, Kampala, hakifadhili utafiti wa tasnifu. Kinagharamia masomo ya cheti kwa watendaji wenye uzoefu wa miaka 5 na zaidi.

Masharti hubadilika. Soma tangazo la mwaka huu, si nakala ya PDF iliyozunguka kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kazi kabla ya hesabu ya fedha

Hapa ndipo maandiko mengi yanapovuja. Mwombaji anachukua fomula ya Yamane ya kukokotoa idadi ya wahojiwa, anaweka watu 10,000 na kosa la asilimia 5, anapata 385, anasonga mbele. Hajiulizi 385 ni siku ngapi. Kwenye vijiji ambavyo nyumba zimetawanyika, mdadisi mmoja akiwa na dodoso la dakika 45 anamaliza madodoso 5 au 6 kwa siku. Wadadisi 4 wanafikisha 20 hadi 24, yaani siku 17 hadi 20 za kazi tupu, bila safari, bila Jumapili, bila siku ya msiba ambayo kijiji kizima hakipatikani. Kila siku kati ya hizo ina posho ya watu wanne, mafuta na malazi. Na je, swali la hatua ya 1 linahitaji kweli madodoso 385? Pengine mahojiano 60 ya kina yanalijibu vizuri zaidi.

Ila mahojiano nayo yana gharama yake iliyojificha. Saa moja ya sauti huchukua saa 5 hadi 6 kuinakili. Mahojiano 60 ya saa moja ni saa 300 hadi 360, yaani siku 38 hadi 45 za mtu mmoja akifanya kazi saa 8 kwa siku. Mzee akijibu kwa Kigogo, au mfugaji kwa Kimaasai, ongeza tafsiri. Weka mstari wa kunakili na kutafsiri kwenye bajeti. Usipouweka, sauti zitalala kwenye simu mwaka mzima.

Ratiba nayo ifuate mvua. Kanda ya kati ina msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Januari mkulima yuko shambani na korongo limekata barabara. Julai hadi Oktoba mkulima unamkuta nyumbani, lakini sehemu ya wafugaji wameshahama na mifugo kutafuta maji. Anayetaka pande zote mbili apange safari mbili, mojawapo karibu na mavuno, na agharamie zote.

Andika bajeti kwa shilingi, kisha geuza kwa dola ukitaja kiwango na tarehe. Acha nafasi ya makato ya benki, kwa sababu hela inayotumwa siyo inayofika.

Hatua ya 4: Barua

Mtumishi au mwanafunzi wa hapa huanza na barua ya chuo chake. Inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, halafu Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji, na mwisho mwenyekiti wa kitongoji. Ukiruka mmoja, utasubiri kwenye benchi la ofisi ya kata huku gari la kukodi likihesabu siku.

Kongwa iko Mkoa wa Dodoma, Kiteto iko Manyara. Utafiti wa mpaka ule unataka milolongo miwili ya barua, mmoja ukianzia Babati. Tenga wiki sita kwenye ratiba. Mwenzako akiwa mtafiti mgeni kutoka nje ya nchi, yeye anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na mshirika Mtanzania, na hilo lianze mapema zaidi.

Hatua ya 5: Sehemu ya maadili, isiyo ya kunakili

"Majina yatahifadhiwa" haitoshi kwenye mada ya migogoro. Baraza la ardhi la kijiji kisheria lina wajumbe 7, watatu wakiwa wanawake. Ukiandika "mjumbe mwanamke wa baraza la kijiji fulani alisema mwenyekiti alihongwa ng'ombe", kijiji kizima kina watatu wa kushuku. Eleza kwenye andiko kwamba utaficha pia jina la kijiji na cheo, na utabadili maelezo yanayomtambulisha mtu. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, isomwe kwa sauti, na iwe na nafasi ya dole gumba. Sauti na namba za simu ni taarifa binafsi chini ya sheria ya 2022, hivyo taja zitatunzwa wapi na zitafutwa lini.

Hatua ya 6: Wadhamini na kutuma

Mpe mdhamini, yaani anayekuandikia barua ya mapendekezo, wiki nne na andiko lenyewe, si muhtasari. Barua ya "ninamfahamu kama kijana mwenye bidii" haisaidii. Mwombe aeleze kwa nini wewe ndiye unayeweza kufanya utafiti huu. Tuma siku tatu kabla, maana mifumo huelemewa siku ya mwisho na TANESCO hawaijui tarehe yako.

Hatua ya 7: Fedha ikiingia

Kurejesha masurufu, yaani kuonyesha kwa hati ulivyotumia fedha, kunawakwamisha watu kuliko utafiti wenyewe. Bodaboda wa Kibaigwa na mama lishe wa kijijini hawana mashine ya EFD ya kutoa risiti. Chapisha hati za malipo kabla ya safari: tarehe, kazi, kiasi, jina, namba ya simu, sahihi. Jaza hapohapo, siyo mwisho wa mwezi, na muulize mhasibu wa chuo mapema kama atazikubali.

Mrejesho kijijini uwe na mstari wake kwenye bajeti: nauli, nakala za muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, na maji ya kunywa. Muulize Mtendaji tarehe ya mkutano mkuu wa kijiji wa robo mwaka, uombe dakika thelathini kwenye ajenda.