Boti ya alumini haitaki kuburuzwa

Jamani kama unavua na boti ya alumini acha kuiburuza juu ya kokoto, ibebeni wawili au tandika magogo iviringike, maana kinacholika kwanza ni mkuku, ule uti wa chini ya boti, pale mbele omo inapogusa ufukwe, we pitisha tu kidole utasikia vichwa vya ribiti, zile pini zinazoshika mabati, vimesagika. Hapo bandika ukanda wa plastiki ngumu, ila safisha kwanza na spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Maji chumvi ndo balaa zaidi. Funga kipande cha zinki kiliwe badala ya boti, usikipake rangi, kikiisha nusu badilisha. Rangi ya kupaka chini ya boti yenye shaba usiiguse kabisa, itakula alumini mpaka itoboke! Hata chubwi ya risasi, kile kizito cha mshipi, ukiisahau kwenye maji ndani ya boti, inaacha vishimo.